Kuni za Bure na Jiko la Shule

Mkaratusi uliletwa Kenya mwaka 1902 kwa ajili ya treni. Injini za Reli ya Uganda zilikuwa zinakula kuni kwa wingi, na mti huu wa Australia ulisifika kwa kukua upesi hata pale miti mingine inapodumaa. Treni ziliachana na kuni miaka mingi iliyopita, zikahamia mafuta. Mkaratusi ukabaki, ukasambaa kwenye vilima vya Kiambu, Kisii na Kakamega, na leo lori linaloingia lango la shule ya bweni likiwa limesheheni magogo, aghalabu limebeba mti huohuo. Kwa hiyo shirika la reli la kikoloni liliacha kuni zamani, ilhali shule, mahali panapofundishwa fizikia na kemia, bado inapika githeri kwa kuni. Jibu linalotolewa upesi ni umaskini: shule hazina fedha za kununua kitu bora. Jibu hilo lina ukweli wake, ila halielezi kwa nini baadhi ya taasisi maskini zilibadilika mapema na nyingine zenye uwezo zikabaki palepale. Ukifuata historia ya jiko la shule katika Afrika Mashariki, utaona mkondo mwingine. Jiko limebadilika pale ambapo bei ya kuni iliandikwa kwenye hesabu za mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuamua. Pale ambapo bei hiyo iligawanywa kimyakimya kwa watoto, kina mama na wapishi, jiko halikuguswa hata serikali zilipobadilika.

Shule za bweni za kwanza hazikuwa na tatizo la msongamano. Maseno ilianza mwaka 1906 na Alliance mwaka 1926, na kwa miaka mingi idadi ya wanafunzi wake ilikuwa ndogo kiasi kwamba sufuria chache juu ya mafiga zilitosha. Mzigo ulianza kuonekana elimu ilipogeuka kuwa haki ya wengi. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wa Elimu ya Kujitegemea, akataka kila shule iwe pia mahali pa uzalishaji: iwe na shamba lake na mifugo yake, na wanafunzi wachangie chakula chao kwa jasho lao. Mengi yameandikwa kuhusu mashamba hayo, mabaya na mazuri. Machache sana yameandikwa kuhusu kile kilichotokea baada ya mavuno, yaani namna mahindi na maharage ya shule yalivyoiva. Yaliiva kwa kuni zilizoletwa na wanafunzi. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974 kuharakisha Elimu ya Msingi kwa Wote, watoto waliongezeka darasani, na mzigo wa kuni ukaongezeka nao. Utaratibu huo haukuwa wa Tanzania peke yake. Katika vijiji vya Kenya pia, mtoto wa shule ya msingi kuja na vijiti viwili vya kuni kwapani siku ya zamu lilikuwa jambo la kawaida kama kuja na fagio au ndoo ya maji ya kumwagilia maua.

Ukizitazama hesabu za shule ya namna hiyo, utakuta gunia la mahindi limeandikwa, debe la maharage limeandikwa, chumvi imeandikwa. Kuni hazimo. Zilikuwa na gharama, bila shaka: saa za mtoto, mgongo wa mama yake, kichaka kilichokuwa kikisogea mbali zaidi na kijiji kila mwaka. Ila gharama hiyo haikumfikia mwalimu mkuu kama ankara, na asiyeletewa ankara hana sababu ya kuuliza kama moto wake unavuja.

Nao ulikuwa unavuja sana. Mafiga matatu yenye sufuria juu hupeleka kwenye chakula takriban asilimia 10 hadi 15 ya joto la kuni. Lililobaki linapasha upepo, ukuta na uso wa mpishi. Katika nyumba ya watu sita hasara hiyo huvumilika. Katika jiko la watoto 500 ni miti mizima. Na hapa ndipo ratiba ya chakula inapoingia, maana wanaozungumzia majiko ya shule mara nyingi huisahau. Kwa nini githeri? Kwa nini makande? Kwa sababu mahindi makavu na maharage makavu ni rahisi kununua kwa wingi, hukaa stoo muhula mzima bila friji, hushibisha, na mhasibu anaweza kuyagawa kwa vikombe. Kwa upande wa nafaka, ni chaguo la busara kabisa. Kwa upande wa moto, ni chakula chenye gharama kubwa kuliko karibu vyote ambavyo shule ingeweza kupika: kinachemka kwa saa nyingi, na maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu huwa magumu zaidi kila mwezi unaopita. Shule ilipunguza matumizi ya fedha ikayaongeza ya kuni, na kwa kuwa kuni hazikuandikwa popote, ilionekana imepata faida.

Mfano ulio wazi kuliko yote unatoka kaskazini na mashariki mwa Kenya. Mwaka 1980 serikali ya Kenya na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani walianza kulisha watoto wa shule katika maeneo makavu. Mgawo ulipimwa kwa uangalifu wa duka la dawa: gramu 150 za nafaka, gramu 40 za kunde, gramu 5 za mafuta, na chumvi kidogo, kwa kila mtoto kila siku ya shule. Kuni na maji? Hayo yalikuwa mchango wa jamii. Mtu akitafakari, ni mpango wa ajabu: katika sehemu kame kuliko zote nchini, mahali ambapo mti na maji ni vitu viwili vilivyo adimu kuliko mahindi, mfadhili alihesabu gramu za mafuta na kuacha bila hesabu vitu viwili hivyo. Nia ilikuwa njema, tena yenye mantiki. Wazazi wanapochangia, mpango unakuwa wao. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa miongo kadhaa mpango mkubwa wa chakula shuleni haukuwa na sababu yoyote ya kihesabu ya kutafuta jiko bora. Hata ulipoanza mfumo wa kununua chakula kutoka kwa wakulima wa karibu mwaka 2009, na hata serikali ilipoupokea mpango wote mwaka 2018, mazungumzo makubwa yalibaki kuwa ya nafaka: nani auze, kwa bei gani, fedha zichelewe kiasi gani.

Kwa haki, Kenya iliwahi kuwa na chakula cha shule kisichohitaji moto shuleni hata kidogo. Mwaka 1979 Rais Moi alianzisha maziwa ya bure kwa watoto wa shule za msingi, yale ambayo kizazi kizima huyaita maziwa ya Nyayo. Yalichakatwa kiwandani, yakafika yakiwa tayari kunywewa. Mpango huo ulikufa miaka ya 1990 kwa uzito wa gharama zake na udhaifu wa usimamizi, na sishauri mtu aukumbuke kama paradiso. Ninautaja kwa sababu moja: ulionyesha mapema kwamba moto wa shule unaweza kuhamishwa na kuwekwa mahali pamoja, penye boila na fundi. Wazo hilo lilirudi baadaye kwa sura nyingine, na tutalifikia.

Mabadiliko ya kweli ya jiko yalianza katika shule za bweni za Kenya miaka ya 1980, na inafaa kujiuliza kwa nini huko na si kwenye shule za kutwa. Shule ya bweni hupika mara tatu kwa siku. Vijiti vya kwapani havitoshi. Lazima inunue magogo kwa lori, na lori hulipwa kwa karo. Mkuu wa shule alikuwa na ankara mezani. Bellerive Foundation, taasisi iliyoanzishwa Geneva mwaka 1977 na Sadruddin Aga Khan, ilipoleta jiko la taasisi, ilikuta mteja anayejua anachopoteza. Baadaye shirika la RETAP liliendeleza kazi hiyo kwa kuwakopesha wakuu wa shule fedha za majiko na kuwataka wapande miti yao wenyewe. Mkopo ulilipwa kutokana na kuni zilizookolewa, jambo linalowezekana tu kama kuni zilikuwa zikinunuliwa tangu mwanzo. Shule iliyokuwa ikiletewa kuni na watoto isingeweza kulipa mkopo kwa akiba ya kitu ilichokuwa ikikipata bure.

Jiko lenyewe linastahili kutazamwa kwa karibu. Sufuria la chuma cha pua, kubwa kiasi cha mtu mzima kuweza kujikunja ndani yake, limezamishwa katika silinda ya chuma iliyozungushiwa kizuizi cha joto. Kati ya ubavu wa sufuria na silinda kuna mwanya mwembamba. Moto uko chini, kwenye chumba cha matofali, na hewa moto haina pa kutokea isipokuwa kupanda kwa shida kupitia mwanya ule, ikisugua sufuria pande zote kabla ya kuingia kwenye dohani. Moshi unatoka juu ya paa badala ya kuishia machoni mwa mpishi. Kuni zinazotumika hupungua kwa zaidi ya nusu ukilinganisha na mafiga. Lakini mlango wa kuni ni mdogo, na ni mdogo kwa makusudi: hewa baridi ikiingia kwa wingi, faida yote inapotea. Gogo zima haliingii. Ni lazima lipasuliwe na likauke. Katika shule ambako hakuna aliyeajiriwa kupasua kuni, mpishi anayeamka saa tisa usiku kuchemsha uji hufanya ambacho yeyote angefanya: anasukuma gogo refu, nusu ndani nusu nje, mlango unabaki wazi, na jiko la gharama kubwa linageuka kuwa mafiga yenye ukuta. Wahisani huandika kwamba wapishi wanahitaji mafunzo. Mimi naona walihitaji shoka, banda la kukaushia kuni na mtu mmoja zaidi kwenye orodha ya mishahara, yaani vitu vingine vitatu ambavyo hesabu iliviacha nje.

Rwanda inatoa ushahidi unaofanana na huo kutoka mahali pasipotarajiwa. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994, magereza yalijaa kupita kiasi, na serikali ilikuwa ikinunua kuni kwa maelfu ya wafungwa kila siku. Taasisi ya sayansi na teknolojia ya Kigali, KIST, ilijenga mitambo ya gesi ya kinyesi, wa kwanza katika gereza la Cyangugu mwaka 2001, na matumizi ya kuni yakashuka kwa takriban nusu. Mwaka 2005 kazi hiyo ilipata tuzo ya Ashden. Mitambo kama hiyo imekuwa ikijulikana Afrika Mashariki kwa miongo mingi, na shule za bweni zina vyoo vya kutosha, Mungu anajua. Tofauti ilikuwa kwamba gerezani mlipaji wa kuni, mlipaji wa kunyonya vyoo na mwenye kuamua ujenzi walikuwa mtu mmoja, serikali.

Msongamano wa shule zetu ulikuja kuzidisha kila kosa. Kenya ilipofuta karo ya msingi mwaka 2003, wanafunzi waliongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Tanzania ilifuta ada kuanzia 2016, na madarasa yakafurika. Kuanzia 2018 Kenya ikaamua kila anayemaliza darasa la nane aingie sekondari. Vitanda viliongezwa, mabweni yakabanwa, lakini bwalo likabaki lilelile, kama lilikuwepo. Itikio la kawaida lilikuwa kununua sufuria kubwa zaidi ili wote wale saa ile ile. Kwa moto, hilo ni chaguo baya. Jiko la matofali huchukua muda kupata joto, na kinachopotea zaidi ni joto la kulianzisha. Sufuria mbili zinazopika kwa awamu mbili juu ya jiko ambalo tayari ni moto hutumia kuni chache kuliko nne zinazowashwa kwa pamoja. Kula kwa zamu, ambako wakuu wengi hukuona kama aibu ya kukosa nafasi, kunapunguza foleni, kelele na magogo kwa wakati mmoja. Kunadai ratiba ya masomo ibadilike kwa nusu saa. Kuloweka maharage usiku kucha kunadai mapipa, maji na mlinzi, na kunafupisha sana muda wa kupika. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mfadhili, na pengine ndiyo sababu hakuna bango linalowekwa nje ya shule kuyatangaza.

Hapa ndipo lile wazo la kuhamisha moto linaporudi. Mwaka 2012 Wawira Njiru alianza kupikia watoto 25 wa Ruiru, na kutoka hapo ikakua Food4Education. Juni 2023 shirika hilo na Kaunti ya Nairobi walizindua Dishi na County, ambapo mzazi hulipa shilingi 5 kwa mlo, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa kama malipo. Jiko lao kubwa jijini lilijengwa kwa uwezo wa kutoa milo 60,000 kwa siku. Humo chakula huiva kwa mvuke, kisha kinasafirishwa shuleni kwenye vyombo vinavyohifadhi joto. Wengi walivutiwa na bangili. Kwa historia ninayoisimulia, jambo kubwa zaidi ni kwamba nafaka, nishati, usafiri na kibarua vimekaa kwenye kitabu kimoja cha hesabu, labda kwa mara ya kwanza katika chakula cha shule za kutwa za umma nchini. Anayepika analipia moto, kwa hiyo anauchunga.

Kuna pingamizi, na baadhi ni nzito. La kwanza ni kwamba jiko la pamoja ni la mjini. Ni kweli. Nairobi ina shule nyingi ndani ya eneo dogo. Huko Marsabit chakula kingepoa njiani na gari lingekunywa mafuta mengi kuliko kuni zilizookolewa. Wapo pia waliouliza kaunti inafanya nini kwenye shule za msingi wakati Katiba ya 2010 iliipa elimu hiyo serikali kuu, swali la haki ambalo halijibiwi kwa kuonyesha sahani zilizojaa. Ninachochukua kutoka Nairobi ni kitabu cha hesabu, na kitabu kinaweza kufunguliwa hata kwenye shule yenye sufuria mbili.

La pili: kuni si dhambi. Mti hukua tena, na shule yenye ekari za mikaratusi haina haja ya kumwomba mtu gesi. Hili nalikubali kwa sehemu kubwa. Shule inayopanda, inayovuna kwa mzunguko wa miaka kadhaa na inayopikia kwenye jiko lililofungwa vizuri ina hoja nzuri kuliko inayochoma gesi iliyosafiri baharini. Tatizo ni kwamba shamba la miti linalotosha jiko bora halitoshi mafiga, na shule nyingi hazijui linalotosha ni la ukubwa gani kwa sababu hazijawahi kupima zinachochoma.

La tatu linaegemea kwenye gesi yenyewe: gesi ya mitungi inaagizwa kutoka nje, bei yake hupanda na dola, na bado ni mafuta ya ardhini. Watanzania wengine hujibu kwa kutaja Songo Songo, ambako gesi imekuwa ikifika Dar es Salaam tangu 2004, lakini hiyo ni gesi ya bomba na sehemu kubwa yake hugeuzwa umeme. Si ile iliyomo kwenye mtungi. Hapo ndipo majiko ya presha ya umeme yanapoanza kuwa na maana, kwa kuwa umeme wa Kenya hutoka zaidi kwenye mvuke wa ardhi, maji na upepo, na wa Tanzania kwenye gesi yake na maji, likiwemo bwawa la Julius Nyerere. Maharage chini ya presha huiva kwa muda mfupi mno kuliko kwenye sufuria wazi. Bado umeme hukatika, na shule ya watoto 800 haiwezi kungoja mafundi. Jiko moja la kuni lililojengwa vizuri linapaswa kubaki.

Pingamizi la mwisho ndilo linalosemwa kwa hisia zaidi: mtoto ana njaa leo, habari za misitu zingoje. Ingekuwa hoja kama vitu hivyo viwili vingekuwa vinashindana. Katika shule ya eneo kavu, gunia la mahindi lisilo na kuni wala maji halilishi mtu. Linakaa stoo likingoja fukusi. Kila gogo linalookolewa ni mlo ulio na hakika zaidi kesho, na ni mtoto wa kike mmoja pungufu anayetumwa porini kabla ya kengele.

Tanzania sasa imechukua njia ya amri. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilitakiwa kuacha kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024, na Mei mwaka huo ukazinduliwa mkakati wa kitaifa unaolenga asilimia 80 ya Watanzania kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Amri imefanya kile ambacho mijadala ya miaka 50 haikufanya: imelazimisha nishati ya kupikia iwe na bei. Hatari yake ni ile ile ya zamani. Ikiwa mtungi wa gesi utanunuliwa kwa mchango mpya wa wazazi, nje ya bajeti ya shule, gharama itakuwa imehamishwa kutoka kichwani kwa mtoto hadi mfukoni kwa mama yake, na siku mchango utakapokosekana mafiga yatarudi nyuma ya bwalo, bila kuandikwa.

Kwa hiyo, wewe uliye kwenye kamati au bodi ya shule: kabla hujasaini zabuni ya majiko mapya, omba uone nishati iliyotumika muhula uliopita kwa kila mtoto, kuni za kuletwa zikiwemo, na saa ambazo sufuria ya maharage ilikaa motoni. Kama takwimu hizo hazipo, anzeni kuziandika muhula huu, kisha ndipo mwite fundi.